Chai ya Walimu kwa Moto Usioonekana

Kidato cha pili nilipenda kinyesi cha ng'ombe kuliko kitu kingine chochote pale shuleni, na sioni aibu kusema hivyo. Shule yetu ya bweni ya wasichana ilikuwa juu ya Timau, ambako maji ya kunawa asubuhi yalikung'ata vidole. Chakula cha wanafunzi kilipikwa kwa kuni zilizoletwa na trekta, lakini kuni za chai ya walimu zilikuwa mzigo wetu wa kidato cha pili. Kila Jumamosi tulizifuata ukingoni mwa msitu na kuzileta mgongoni, kamba ikikaza kipaji cha uso, tukiwasengenya walimu njia nzima.

Ndipo akaja mwalimu mpya wa Kilimo, kijana kutoka nyanda kavu za Embu. Kwao, mti ulikuwa kitu cha kuamkiwa. Alipoona tunavyoburuta matawi, alianzisha chama cha mazingira, na siku ya kwanza akatuambia, "Nyinyi mnabeba miti na moto iko hapo kwa boma, inakanyagwa na ng'ombe." Tulicheka mpaka mwenzetu mmoja akaomba ruhusa atoke nje.

Kumbe hakuwa akitania. Tulichimba mtaro nyuma ya zizi, tukalaza ndani yake mfuko mrefu wa nailoni, na kazi ikawa kuulisha: ndoo ya kinyesi, ndoo ya maji, koroga kwa mikono, mimina. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama hadi viwiko vikazama. Wenzetu bwenini walihamisha vitanda mbali nasi. Sisi tulijiona maprofesa. Mfuko ulipoanza kuvimba kwa gesi ya kinyesi kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani ya umande, tulitoroka michezo ya jioni kwenda kuupapasa, na kila mmoja alidai ni ndoo yake iliyofanya kazi. Mwalimu alituwashia moto wa majaribio ndani ya kibanda cha zizi, kwenye giza, nao ukawa wa samawati, mzuri ajabu. Nilirukaruka kama mtoto wa chekechea.

Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ndogo iliyotosha kabisa, hakupapasa chochote. Alimwambia mwalimu wetu tukisikia: Siku ya Wazazi, chai ya meza kuu ichemke kwa hiyo gesi. Ikichemka, hakuna kuni tena. Isipochemka, shimo lifukiwe na wasichana waendelee kwenda msituni. Niliitaka hiyo Jumamosi isiyo na kuni hadi nikaiota.

Siku ikafika, na kwa wazimu wa furaha tukaona ni dhambi kuficha maajabu jikoni. Tulivuta mpira wa gesi hadi uwanjani, tukaweka jiko mbele ya wazazi wote, juani, ili hata aliyekaa nyuma kabisa aone. Na jua la Timau, ambalo hutoka likipenda, siku hiyo lilipenda.

Mwalimu alifungua koki, akawasha kiberiti. Harufu ya yai bovu ilipita meza kuu. Sufuria ya chai ya maziwa ilikaa juu ya jiko, na chini yake hatukuona kitu.

"Hiyo haijashika," mzazi mmoja akasema kwa sauti.

"Imeshika," mwalimu akajibu, kiganja chake kando ya jiko. Lakini nani angemwamini? Hata sisi hatukumwamini. Moto tulioujua ulikuwa wa gizani, na hakuna aliyekuwa amewaza kwamba mchana peupe jua lingeumeza wote. Tuliambiwa tukae chini. Mwalimu mkuu akamkaribisha mgeni wa heshima ahutubie, na akimaliza tutaona. Bahati nzuri mgeni alikuwa mtu wa maneno, na ndiyo mara ya pekee maishani mwangu nimeomba hotuba isiishe.

Iliisha. Mwalimu mkuu akainuka, akatengeneza kilemba chake, akatembea polepole hadi kwenye jiko. Nilijua amekuja kutuzika. Akafungua kinywa aseme.

Maziwa yakamtangulia. Yalisukuma kifuniko, yakafurika pande zote, yakalowesha viatu vyake vya kanisani. Akaruka nyuma akipayuka kwa Kimeru, yeye aliyetuvisha kibao cha aibu shingoni kwa neno moja tu la lugha ya nyumbani. Wazazi waliangua kicheko, kisha yeye mwenyewe akacheka, bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Sisi tulikuwa tumeshakumbatiana hadi tukaanguka kwenye nyasi.

Alimiminiwa kikombe, akakinywa akiwa amesimama, akaongezewa. Kisha akamgeukia mpishi na kumwambia, bado kwa Kimeru, ili kila mama pale uwanjani asikie, kwamba Jumamosi watoto hawa walale.