Mwache Atafute Neno Lake

Nakumbuka Sabato moja katika kanisa letu la Suna, mwanangu, mimi nikiwa msichana wa miaka kumi na sita, nimesimama mbele ya watu mdomo wazi, na neno halitoki. Nakusimulia habari hiyo kwa ajili ya mdogo wako Brian. Wiki jana nilipofika kwenu Homa Bay kumwona mara ya kwanza tangu atoke hospitalini, nilimuuliza, "Brian, uko aje?" Nawe Achieng', kabla hajafungua kinywa, ukanijibu, "Ako tu fiti, anti, ni kuongea bado." Sikukasirika. Najua ni wewe unayemwosha na kumlisha tangu ile pikipiki imwangushe. Lakini nilimwona alivyoufunga mdomo wake polepole, na roho iliniuma.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kitanda hicho nimekilalia.

Siku zetu boda boda ilikuwa baisikeli. Nilikuwa nimeketi nyuma, natoka sokoni, breki zikakatika mteremkoni tukavaana na jiwe. Mwenye baisikeli alichubuka magoti tu. Mimi niliangukia kichwa. Nililala bila kujijua mpaka mama akaanza kulia kilio cha matanga, baba akamnyamazisha. Nilipozinduka, mkono wangu wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yalikuwa yamechanganyika. Nikitaka maji nilisema kiatu. Nikitaka kiatu nililia. Na hasira nazo! Siku mchungaji alipokuja kuniombea nilimtukana tusi ambalo hata sikujua kwamba nalijua. Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Mchungaji, Mungu ambariki, alisema amina akaendelea na chai yake.

Watu wetu wana upendo mwingi, hilo siwezi kuwanyima. Walijaa nyumbani kila jioni, na sukari na maombi. Wakiniuliza kitu, mama anajibu. Mama akiwa jikoni, wanajibizana wenyewe. "Atieno alikuwa na akili sana," walisema, nami nimeketi hapo hapo nawasikia. Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo wasemavyo, na nyumbani kwetu methali hiyo ikawa sheria. Nililetewa uji, nikanyweshwa uji, na hakuna aliyetaka kujua kama nimeuchoka.

Mwaka ukapita hivyo. Nilikuwa nimeanza kutembea na kusema kidogo, ingawa kichwa kiliniuma kila jioni. Ndipo nikamsikia baba akimwambia mama kwamba shule zikifunguliwa mimi sirudi. Nitapelekwa Karungu kwa shangazi, nikae ufuoni nifukuze ndege kwenye omena, dagaa wetu wa ziwani, zilizoanikwa. Hakusema kwa ubaya. Aliogopa masomo yangeniua, na alikuwa amekaribia kunizika mara moja tayari. Lakini mimi nilitaka shule, mwanangu. Kila nikianza, "Baba, mimi nataka," ananikatiza, "Unataka maji?" na maji yanaletwa. Nilikunywa maji mengi sana mwaka ule.

Nikaamua nitasemea kanisani, maana kule baba hawezi kuinuka kuniletea maji. Kanisa letu lilichanganya Wajaluo na Wakuria, kwa hiyo ibada ilikuwa ya Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kimeniponyoka zaidi. Wakati wa shukrani ulipofika nikasimama.

"Mimi na..." Nikakwama.

Kanisa zima likanisaidia: "...nashukuru Mungu!"

Nikatikisa kichwa. "Mimi na..."

"...kwa kunitoa mbali! Amina!"

Mtu akaanzisha wimbo, ukashika, na kina mama wakaimba wakilia. Baba alikuwa anafuta machozi ya furaha, masikini. Nikaketi. Sabato iliyofuata nikasimama tena, na mambo yakawa yale yale. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na nilianza kuona kwamba nitakwenda Karungu huku watu wakiniimbia.

Niliposimama kwa mara nyingine, kabla wimbo haujaanza, Dani Rebeka aligonga sakafu kwa fimbo yake. Dani ndivyo tunavyomwita nyanya. Alikuwa kikongwe wa benchi la mbele, hana cheo chochote kanisani ila umri.

"Nyamazeni!" akasema. "Huyu mtoto anatafuta kitu kwa nyumba yake, na nyinyi mnamrushia vitu vyenu kwa dirisha. Sasa ataona chake aje? Mwacheni atafute."

Mzee wa kanisa akamsihi kwa upole, "Dani, wakati unaenda, na mahubiri bado."

"Wacha uende. Kwani sisi tunakimbilia wapi? Leo ni Sabato."

Basi wakanyamaza. Mtoto mchanga akalia, akatolewa nje. Mabati yalikuwa yanaalika kwa jua, na jasho linanishuka mgongoni. Nilimwona baba akifungua mdomo. Dani Rebeka akamtazama, naye baba akaufunga. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Najua tu kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu nianguke watu kuningoja.

"Mimi nataka... ku... kurudi shule. Baba. Si Karungu."

Hakuna aliyesema amina. Baba akasimama mahali pake, akaniuliza, mimi mwenyewe, si mama: "Na kichwa kikikuuma?"

Wakangoja tena.

"Nita... lala. Halafu nitaamka."

Nilirudi shule, mwanangu. Usidhani mambo yalikuwa mteremko. Niliketi na watoto wadogo kuliko mimi, na alasiri nyingi nililala juu ya dawati, mwalimu akiniacha. Sikuwa wa kwanza darasani tena. Yule Atieno wa zamani hakurudi, na najua mama alimlilia kwa siri miaka mingi. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilijifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto, na leo nusu ya watoto wa hapa Karungu wamevaa sare nilizoshona mimi. Ndiyo, Karungu. Nilikuja mwenyewe, kwa kupenda, kwa sababu ya mwanamume mmoja mwenye mabega mapana.

Basi sikia nasaha yangu. Muulize Brian, kisha unyamaze. Hata kama ni uji, muulize. Wageni wakikuuliza habari zake, waambie, "Huyo hapo, atawajibu." Usimhadithie kila siku alivyokuwa, mwone alivyo leo. Akikutukana, msamehe kabla jua halijatua, maana uchungu ndio uliosema. Nawe usijimalize, kwa kuwa mkono mmoja haulei mwana. Waachie binamu zako zamu, uende kwaya yako ukaimbe, urudi ukiwa mtu. Itachukua miaka, sikufichi. Kuna miezi atapanda na miezi atashuka, na siku atakaposhuka usifikiri kazi yako imepotea.

Utaniambia huwezi, kwamba kumngoja kunakuchoma moyo. Lakini tangu nianze kusema nawe hapa, nimekwama mara ngapi nikitafuta neno? Miaka yote hii, na bado maneno yananichelewesha. Nawe hukunimalizia hata moja. Umeketi tu, chai imekupolea mkononi, ukaningoja.

Basi waweza, mwanangu. Nenda ukamngoje na yeye. Mungu akupe masikio yasiyochoka, na mgongo wako aupe pumziko. Amrudishie mdogo wako maneno yake, moja moja, kwa wakati wake, na siku atakapoliita jina lako lote bila kukwama, akujalie uwe karibu usikie.