Nilivyorekodi tarumbeta ya mjomba Bariadi siku mbili kabla ya kung'olewa meno

Wakuu, poleni na pilika za wiki. Niko Bariadi, vumbi limetushinda, na kuna jambo limenikaa kooni zaidi ya wiki sasa. Nitalisimulia kama lilivyokuwa, pamoja na sehemu nilizofanya ujinga. Wanaonifahamu humu wanajua mimi ni mbishi wa kila kitu, kwa hiyo mkinicheka nitaelewa.

Iko hivi.

Nina mjomba wangu, kaka yake mama, anaitwa Njile. Anaishi Binza pale Maswa, ana duka dogo la spea za baiskeli. Ukimkuta dukani huwezi kudhani kwamba huyu mzee alipiga tarumbeta kwenye bendi za Mwanza na Dar enzi za ujana wake.

Muziki wake anauita jazz. Nilipokuwa chuo niliwahi kumbishia, nikamwambia, "Mjomba, hiyo sio jazz, hiyo ni dansi."

Akanijibu bila kuinua macho kwenye mnyororo aliokuwa anaufunga, "Wewe jazz umeisoma. Mimi imenilisha."

Nikamshikia upande wa pili wa mnyororo.

Sasa tatizo lake ni hili: hana rekodi hata moja ambamo unaweza kumsikia yeye. Kanda nyingine zilifutwa wakarekodia vitu vingine juu yake. Nyingine zilirekodiwa wiki aliyokuwa amelazwa na malaria, akapiga mtu mwingine. Miaka yote ile ya kupuliza, na hakuna hata dakika tano za kuwaachia wajukuu.

Halafu meno yakaanza kucheza.

Meno manne ya mbele, juu. Fizi zimeoza. Nilimpeleka kwa daktari wa meno Mwanza, nikamuuliza daktari maswali mpaka akaniuliza mimi nimesomea nini. Nikamwambia kompyuta. Akasema, "Basi kompyuta ikiharibika nitakuita." Lakini picha alinionyesha, na hata mimi niliona. Yanatoka Jumatatu ya wiki fulani, yasipotolewa yatatoka yenyewe.

Kwa wasiojua: mpiga tarumbeta anategemea mdomo uliogandamizwa kwenye meno ya mbele. Meno yakiondoka, mdomo hauna pa kuegemea. Nilisoma mtandaoni kuna waliojifunza upya kwa meno ya bandia. Nikamwambia. Akasema, "Labda. Ila mdomo huu nimeutengeneza miaka arobaini, sina arobaini nyingine."

Ndipo likaja wazo la onesho. Live, mbele ya watu, Jumamosi moja kabla ya ile Jumatatu, nirekodi kila kitu. Huwa narekodi kwaya na harusi, vifaa ninavyo.

Mjomba alitaka okestra. Tukapata watu kumi na tisa: matarumbeta na trombone za kanisa la hapa mjini, magitaa matatu ya wazee wenzake, ngoma, na walimu wawili wa vayolini kutoka Mwanza waliokuja wamevaa suti kwenye jua la Bariadi. Ukumbi tuliopewa una bati tupu, sauti inarudi kama uko ndani ya pipa, kwa hiyo nikachagua uwanja wa shule pembeni ya mji. Saa tisa alasiri.

Na alitaka waimbaji wageni wawili. Wa kwanza mama mmoja, Kabula, wa kule Lingeka, Meatu. Wa pili bwana Sitta wa Kasoli. Wote ni manju, yaani wale wanaotunga na kuongoza nyimbo za ngoma za Kisukuma. Kabula ni wa upande wa Bagalu, Sitta ni Bagika, vyama viwili pinzani vya ngoma tangu enzi za mababu.

Mliokulia huku mmeshaanza kutikisa vichwa, najua. Ngojeni.

Asubuhi ya siku hiyo mjomba alinivuta pembeni, akabonyeza jino moja kwa kidole gumba. Likaenda mbele likarudi. Akasema, "Yatanipa dakika arobaini. Sio mazoezi na onesho. Arobaini basi. Usije ukaniambia turudie."



Nikakagua waya zote. Nikazikagua tena. Jenereta niliiweka nyuma ya madarasa ili isisikike, halafu nikawa naenda kuiangalia kila baada ya muda kama mgonjwa. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa jineri ya pamba na kila kishindo kwenye maiki nilikisikia kwenye headphone kama ngumi. Mjomba nilimfungia darasani apumzishe mdomo, asiongee na mtu.

Saa nane akaingia Kabula na watu wake, na mzee mmoja mwenye kibuyu kidogo.

"Mwadila, baba," mzee akanisalimia. Akaangalia maiki ya mbele. "Hiki chuma kinasikia?"

"Kinasikia, mzee."

"Basi nacho kiogeshwe."

Alikuwa na dawa ya mvuto, unga wa kijivu, ya kuita watu. Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba ile maiki ndani ina kitu chembamba kuliko karatasi, ukiitupia unga imekufa, na mjomba wangu hana siku nyingine. Nikaongeza, kwa bahati mbaya, kwamba hakuna ushahidi kwamba unga unaita mtu yeyote.

Kabula akacheka mpaka akajishika kiuno. "Ng'wanawane, mwanangu, wewe umesoma, sisi tumeshinda ngoma. Ukishinda siku moja tu utakuja kutufundisha."

Tukabishana karibu nusu saa. Mwisho mzee akakubali kupaka miguu ya stendi tu, kwa kuwa nilimwapia umeme haufiki huko kuiharibu dawa yake. Sitta alipofika na kuona, akadai na stendi yake ipakwe na mtu wake, la sivyo anarudi Kasoli. Ikapakwa. Mimi nimesimama pale na kitambaa, nalinda maiki zisiguswe, najiona ndiye mtu pekee mwenye akili uwanjani.

Katikati ya mabishano hayo Kabula aliniuliza kitu. Aliangalia stendi yake, akaangalia ya Sitta kule ng'ambo, akasema, "Mbona mmetuweka mbali hivi? Leo ni kushindana?"

Nikamjibu, "Hapana mama, ni utaalamu wa sauti."

Hilo ndilo kosa, wakuu.

Niliwatenganisha hatua kama thelathini, mmoja kulia mmoja kushoto, okestra na mjomba katikati nyuma, ili sauti ya mmoja isiingie kwenye maiki ya mwingine. Kwenye karatasi ni sahihi kabisa. Lakini mbina, yaani ngoma zetu za Kisukuma, inavyoshindaniwa huku ni hivyo hivyo: makundi mawili, uwanja mmoja, pande mbili, yanacheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watu wanahama. Upande wenye watu wengi umeshinda.

Nimezaliwa huku. Nimebebwa mgongoni kwenda kwenye hizo ngoma. Na niliupanga uwanja wa shindano kwa mikono yangu na tepu ya kupimia, bila kuona nilichopanga.

Saa tisa tukaanza. Nyimbo mbili za kwanza walipiga okestra na mjomba peke yao, na wakuu, nilikuwa na raha na hofu kwa pamoja. Sauti yake ilikuwa pana, ya chini, kama mtu anayeongea na wewe akiwa amechoka lakini hataki uondoke. Ila katikati ya kila kipande alikuwa anafuta mdomo kwa leso nyeupe, na leso ilikuwa imeanza kuwa na madoa. Hizo mbili zilikuwa za kupasha, alisema mwenyewe. Wimbo wenyewe, ule mrefu alioutunga, ulikuwa wa tatu, na waimbaji wote wawili.

Kabula akaanza. Sitta akapokea. Walipoimba pamoja kwa mara ya kwanza, watu wakageuka.

Kwanza ilikuwa kundi la akina mama, wakaenda kwa Kabula. Sitta akaona. Akaacha mashairi tuliyokubaliana, akaanza kumtania Kabula kwa Kisukuma, kwamba sauti yake inafukuza ndege shambani. Watu wakalipuka kwa kicheko, wakakimbia kwake. Kabula akamjibu, sitaandika alichojibu. Wakarudi kwake. Wachezaji wa Sitta wakaleta majembe, wakaanza kuyarusha juu na kuyadaka.

Basi tena. Watu mia kadhaa wanakimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na njia yao inapita juu ya waya zangu.

Nilipiga kelele, nani anasikia. Vumbi lilipanda mpaka sioni okestra. Walimu wa vayolini walipanda juu ya viti wakiwa wamekumbatia vayolini zao kama watoto. Kwenye mixer taa zote zikawa nyekundu, halafu mstari wa mjomba ukaenda chini kabisa. Sifuri. Stendi yake imeangushwa.

Nikaangalia saa. Dakika ya ishirini na nane.

Mjomba alisimama kidogo akaangalia ile maiki chini. Kisha akafanya kitu ambacho hatukupanga. Alitoka kwenye okestra akatembea mpaka katikati ya uwanja, ile sehemu tupu ambayo watu walikuwa wanaivuka tu, akainua tarumbeta. Kabula akiimba mstari, yeye anamjibu. Sitta akiimba, anageuka anamjibu na yeye. Mzee amekulia kwenye mbina, alielewa kinachoendelea kabla yangu mimi mwenye digrii. Akaingia kama upande wa tatu.

Nilikuwa na rekoda ndogo ya mkononi mfukoni, ya kufanyia mahojiano. Nikaiwasha nikakimbia. Nikawa natembea kinyumenyume mbele yake, nimeishika karibu na mdomo wa tarumbeta, macho yangu yako kwenye kile kimshale cha kupimia sauti tu. Kikipanda narudi nyuma, kikishuka nasogea. Nilikanyaga mtu, nilipigwa kiwiko, sikuinua macho. Nilikuwa nasali, na mimi sisali.

Trombone na ngoma za okestra zilikuwa bado zinaendelea kule nyuma, Mungu awabariki.

Karibu na mwisho kuna noti ndefu ya juu. Aliipanda, akaifikia, akaishikilia, halafu ikapasuka ikabaki pumzi tu. Akashusha tarumbeta. Damu ilikuwa kwenye kidevu na kola. Akatikisa kichwa kuniambia basi.

Jumatatu meno yalitoka. Mawili daktari hakuhitaji hata nguvu.

Nilipofika nyumbani nikasikiliza kila kitu. Maiki kubwa zote za wimbo wa tatu ni kelele na miguu. Kilichopo ni dakika kumi na moja za ile rekoda. Mjomba yupo, yupo kabisa, unasikia mpaka vidole kwenye vali. Kabula na Sitta wako mbali, mmoja kila upande. Na mimi nipo pia, nahema kama ng'ombe aliyekimbizwa. Nimejaribu kujifuta, nikijifuta na yeye anapungua. Nimejiacha.

Nilichojifunza ni kwamba ubishi wangu wote nilikuwa nauelekeza kwa watu wengine. Nilimhoji daktari, nikamhoji mzee wa kibuyu, nikahoji hadi jazz. Mpangilio wangu sikuuhoji hata mara moja, na mama wa watu aliponiuliza swali la maana kuliko yote ya siku ile, nikamjibu kama mtoto. Unga haukuharibu kitu. Mimi ndiye niliharibu.

Sasa jambo lenyewe linalonikosesha amani.

Siku ya tatu baada ya kung'olewa nilienda Binza na headphone. Mjomba amevimba, ana pamba mdomoni, haruhusiwi kuongea. Alisikiliza dakika zote kumi na moja amefumba macho, vidole vinabonyeza goti. Ilipoisha akachukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya risiti:

"Watu walienda upande gani?"

Nikamwambia, "Walikuja kwako, mjomba. Wote."

Akaonyesha kwa kidole nirudie kuanzia mwanzo.

Wakuu, mimi sikuona. Macho yangu yalikuwa kwenye kimshale. Nimewauliza watu wa Kasoli, wanasema watu walikuwa kwa Sitta. Mtu wa Lingeka anaapa walikuwa kwa Kabula. Mpiga trombone anasema alikuwa na vumbi machoni. Kwenye rekodi watu wanasikika kila mahali.

Kama kuna mtu humu alikuwa uwanjani siku ile, naomba aniambie alichokiona, hata kama ni kibaya. Wakati wa wimbo wa tatu, mjomba akiwa pale katikati: walikuwa wamemzunguka, au alikuwa peke yake na mimi?

Uvimbe unashuka. Juzi ameanza kuongea kidogo, na kitu cha kwanza alichomwambia mama ni kwamba nikienda Binza niende na jibu la kweli la lile swali la kwenye risiti.