Jinzi Yenye Magoti Nje

Katika miaka ile ya vita mjini Bujumbura, mimi nilikuwa na shida moja kubwa: jinzi yangu ilikuwa nzima mno. Watu walikuwa wakikimbia na magodoro kichwani, nami nimekaa mbele ya nyumba yetu mtaani Bwiza nasugua magoti ya suruali kwa kipande cha tofali. Nilikuwa nimeona picha ya mwanamuziki kwenye ganda la kaseti, jinzi yake imepauka na kuchanika, nikaamua huo ndio ujanja. Nikamwagia javeli, ile dawa ya kung'arishia mashuka, kisha nikamalizia kwa wembe. Goti la kulia lilichanika vizuri. La kushoto nilipitiliza, likabaki shimo la kupitisha kichwa cha mbuzi.

Kazi yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya msichana mmoja. Alikuwa ameniambia waziwazi: amechoka kusimama nami kando ya barabara, mama yake anataka kuniona nyumbani Jumapili, na mama akikataa, basi, tusijuane tena. Nilimpenda kuliko nilivyothubutu kumwambia. Aliniambia pia, zaidi ya mara moja, kwamba familia yao ilitoka mtaa wa Kamenge mbio, sufuria ikiwa bado motoni, na sasa walikuwa wamepanga vyumba viwili huku kwetu. Nilisikia. Lakini akili yangu yote ilikuwa magotini.

Jumapili nikafika, mafuta usoni, shati limenyooka. Mama alikuwa mkekani akichambua maharage. Alinitazama kuanzia kichwani, macho yakashuka hadi magotini, yakabaki hapo. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sahani ya wali.

"Kula kwanza," alisema. "Mulikimbia lini?"

"Nani, mama?"

"Usione haya, mutoto. Sisi pia tulikimbia. Mulipita mu mashamba ya Buterere?"

Nilijaza wali mdomoni ili nisijibu. Msichana, aliyesimama mlangoni, alijifunika uso kwa khanga, lakini mabega yake yalimsaliti kwamba anacheka. Mama akanirushia kitenge.

"Vua hiyo patalo, nishone."

Basi mimi, mchumba mtarajiwa, niliyekuja kuonekana, nikaonekana kweli: nimekaa uani na kitenge cha samaki wakubwa kiunoni, majirani wakipita na kunipa pole. Nilizipokea zote. Mama akatia uzi kwenye sindano, akaanza kushona, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Kwenu alikufa nani?"

Hapo niliweka sahani chini.

"Hakuna, mama. Tuko wote. Hiyo patalo nilichana mi mwenyewe. Ni mode, mtindo wa sasa."

Sindano ilisimama.

"Mutu anachana nguo yake mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na kichwa yako iko sawa?"

"Sijui, mama."

Nilitegemea msichana acheke. Hakucheka. Alikuwa akimtazama mama yake.

"Mutoto wangu mwanaume," mama alisema, "patalo yake ilichanika mu miba, siku ile tunakimbia. Goti yote inje. Nikamuambia, tukifika nitakushonea."

Kijana huyo hakuwemo katika vyumba vile viwili. Nilijichukia, mimi na tofali langu na wembe wangu. Nilitamani anitukane, angalau nipate la kufanya. Badala yake alikata vipande viwili vya kitenge kikuukuu cha njano, akavishonea magotini taratibu, akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Kwangu hakuna mutu anaingia na goti inje," alisema, akanirudishia jinzi yangu.

Nilitoka pale sijui nimekubaliwa au nimefukuzwa. Msichana naye hakunisindikiza.

Juma zima nilibishana na nafsi yangu. Nilikuwa na suruali nyingine ya kitambaa, nzima, ya heshima, ambayo mtu mwenye akili angeivaa tangu mwanzo. Jumapili ilipofika nikavaa jinzi. Wenzangu waliviona vile viraka vya njano, wakanisindikiza kwa vicheko hadi mwisho wa barabara, nami niliona aibu kila hatua.

Mama alinifungulia mwenyewe. Aliangalia magoti kwanza, kisha akaniangalia usoni kwa muda mrefu.

"Ingia," alisema, "mutoto wangu."