Salamu Juu ya Pugu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, mwenye vijisenti alinunua basi, na mwenye navyo zaidi alinunua ndege. Mimi nilirusha moja ya hizo, ya injini moja, kati ya Sumbawanga na Dar es Salaam. Marubani wenzangu walinitania kwamba Mfipa kama mimi hahitaji ndege, ungo wa wachawi wa kwao unamtosha. Utani ule ulinichosha mapema.

Siku hiyo abiria wangu alikuwa mmoja tu, bibi wa kijiji cha Ilemba anayepelekwa Dar kutibiwa mguu. Kiswahili kilimpiga chenga, kwa hiyo tuliongea Kifipa. Alikaa nyuma yangu, kitenge begani, akitazama nje bila wasiwasi wowote.

Tulipokaribia Dar, wingu zito lilikuwa limefunika vilima vya Pugu. Redioni watu walijaa kama mnadani: ndege za Zanzibar, za Mafia, za watalii, na moja kubwa kutoka Ulaya. Mwongoza ndege mnarani hakutuona. Alitegemea kila rubani aseme yuko wapi na kimo gani. Akaniambia nizunguke juu ya Pugu, futi elfu tatu, nisubiri zamu yangu. Nikazunguka ndani ya weupe mtupu.

Kisha sauti nisiyoijua ikasema, taratibu kabisa, kwamba nayo iko juu ya Pugu, futi elfu tatu.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niligeuka kuona kama bibi amefunga mkanda, nikamkuta ameinama kuelekea dirisha la kulia, macho ameyashusha, anapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa, kama akina mama wa kwetu wanavyomsalimu mtu wanayekutana naye njiani. Nikaikata ndege kushoto bila kungoja amri ya mtu.

Upande wa uwanja jua lilikuwa linawaka. Tulipotua, nikamwuliza alikuwa anamsalimu nani.

"Wale wa ndege nyingine," akasema. "Walipita hapa hapa, ningeweza kuwagusa."

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Ulikuwa unaongea na watu wako, mjukuu wangu. Mtu hakatizwi."

Nilikasirika, kisha nikataka kucheka. Ndege ile ilitua nyuma yetu. Rubani wake akafunga mlango, akaja moja kwa moja kuniomba radhi, uso umempauka. Alikuwa ameshuka bila ruhusa, akitafuta mahali wingu lilipoachia. Nikamwuliza kama abiria wake wako salama.

"Sina abiria, kaka. Nimebeba vitambaa vya dukani, hata viti vya nyuma tumeving'oa."

Nikamweleza bibi kwamba huyu ndiye aliyetupita. Akamtazama vizuri, kwa upole.

"Ndiye. Lakini huyu hakutuona, alikuwa anatazama chini. Aliyeniitikia ni yule wa nyuma yake."

"Anasema alikuwa peke yake, bibi."

Bibi hakubishana. Aliitazama ile ndege iliyoachwa juani, mlango umefungwa.

"Basi mwambie asimwache mwenzake humo ndani," akasema. "Joto la huku ni kali."

Rubani akaniuliza bibi amesema nini. Nikamjibu kwamba anamshukuru Mungu. Nilikuwa nimeipa mgongo ile ndege, na sikuthubutu kugeuka.