Jua Lililozamishwa Saa Nne Asubuhi

Harufu ya iliki ikichemka asubuhi hunichafua moyo hadi leo. Jioni naivumilia, hata naipenda. Lakini ikinifikia kabla umande haujakauka majanini, mdomo hunijaa yale mate yanayotangulia kutapika, nikalazimika kutoka nje kuvuta hewa. Watu hunicheka, wakidhani nina mimba. Sina. Nina darasa la pili la shule yetu ya Soweto, Mbeya, mwaka ambao Ramadhani iliangukia mwanzo wa mvua, ukungu ukishuka kutoka milimani na kukaa uwanjani kama mgeni asiyejua kuaga, sisi wanafunzi tukinuka sweta mbichi na moshi wa kuni. Katika darasa zima, Mwislamu nilikuwa mimi peke yangu.

Mwalimu wetu, Mwalimu Sekela, alikuwa mwema. Nalisema mapema, kwa sababu mtu mbaya angenirahisishia kazi. Alitusafisha kamasi kwa leso yake mwenyewe, na alituita wanangu. Mwaka huo alirudi kutoka semina akiwa ameambiwa kwamba mtoto hajifunzi kwa kusikia bali kwa kutenda, naye akaliamini jambo hilo kwa moyo wote, kama alivyoamini kila kitu. Tulipanda maharage kwenye makopo. Tulipima uwanja kwa kamba. Kisha akatangaza kwamba afisa elimu wa kata atatutembelea, na kwamba siku hiyo tutajifunza Ramadhani kwa vitendo. “Mwislamu wetu ni nani?” akauliza, ingawa alijua. Vidole vyote vilinigeukia, hata vya Tusekile, jirani yangu wa dawati, aliyekuwa na mdomo mkali kuliko wembe.

Wiki nzima tulikata miezi ya karatasi ya kaki na kuchora minazi. Mimi nilikuwa sijauona mnazi. Sisi ni Wahehe wa Kilolo. Baba yangu, fundi cherehani, alihamia Mbeya kufuata wateja, na nyumbani tulifuturu viazi mviringo kwa maharage na uji wa ulezi, tumejikunyata kuzunguka jiko la mkaa. “Hebu Zuhura, waeleze wenzako,” mwalimu akasema. “Kwenu pwani mnafungaje?”

“Kwetu ni Kilolo, mwalimu.”

“Ndiyo, mwanangu, lakini asili?”

“Kilolo.”

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka kwa upole, kama anayemsamehe mtoto asiyejua kwao. Akamwandikia baba kijibarua, akiomba nishonewe baibui la kipwani. Katika nyumba yetu hakuna mwanamke aliyewahi kuvaa baibui. Mama na bibi walijitanda khanga juu ya sweta. Baba alikisoma kijibarua kile mara mbili, akatoa kitambaa cheusi cha bitana kilichobaki kwenye suti ya mtu, akakishona huku akiimba. “Wametukumbuka,” alimwambia mama. Nakumbuka jinsi uso wake ulivyong'aa, na nakiri kwamba hakuna kitu katika kisa hiki chote kinachonitia kinyaa kuliko mng'ao ule.

Sasa msomaji ajue nilichokuwa nacho cha kupoteza. Miaka ya nyuma nilifunga nusu siku tu, kisha mama akanipa kiporo adhuhuri. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, aliniruhusu nifunge hadi magharibi. Tangu mwezi uandame, hakuna tonge wala tone lililopita kooni mwangu mchana. Wenzangu walipokunywa uji wa shule mimi nilikaa nyuma ya stoo, nikiulinda mfungo wangu kama mtu aliyebeba mtungi wa maziwa kwenye njia ya utelezi. Hakikuwa kitu cha baba wala cha mama. Kilikuwa changu, kitu pekee duniani ambacho mkubwa hakunipa wala hangeweza kukimaliza kwa niaba yangu.

Siku ya mgeni ilikuwa na ukungu mzito. Saa nne asubuhi nilisimamishwa mbele, ndani ya bitana baridi iliyonata shingoni, pembeni ya meza ya zana: vizibo vya soda, magunzi, vijiti vya kuhesabia, nami. Mwalimu alikuwa amepika uji wa tambi kwa nazi iliyosafiri na basi kutoka Dar es Salaam, na nadhani ilikuwa imeanza kuvunda njiani, maana alikuwa ameizidishia iliki na sukari kama mtu anayeficha jambo. Uji ulikuwa umeshapoa, umefanya ngozi juu. Afisa elimu alikaa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo. Mwalimu akaeleza vizuri tu kwamba Waislamu hawali hadi jua lizame. Kisha akawaambia wavulana wa nyuma wafunge madirisha, yale ya mbao, mmoja baada ya mwingine. Giza likaingia. Akaning'iniza mwezi wa kaki juu ya ubao, akatangaza, “Haya, jua limezama! Zuhura, futuru.”

“Mwalimu, nimefunga.”

“Ndiyo maana unafuturu, mwanangu. Ungekuwa hujafunga, ungefuturuje?”

Afisa alicheka hadi kiti kikalia. Nikasema jua bado lipo. “Wapi? Hebu tuonyeshe,” akasema mwalimu, mikono kiunoni, akiwachekesha. Tusekile akaninong'oneza kutoka dawati la mbele, “Kula bwana. Leo kuna ukungu, Mungu wenu hakuoni. Ukikataa nipe mimi.” Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, lakini hawakutuambia afanye nini mwenye njaa anapobembelezwa ale. Mwalimu alinishika kidevu kwa vidole laini, kijiko kikaingia.

Sikumeza. Nilifunga mdomo, nikaushika uji ule juu ya ulimi, utamu wake wa kuchukiza, tambi zikiteleza kama vitu vyenye uhai. “Ni mtamu?” akauliza. Nikatikisa kichwa kukubali. “Mpigieni makofi!” Waliimba wimbo, nikaushika. Afisa akasimama, akatoa hotuba kuhusu upendo na amani ya nchi yetu, nikaushika, huku mate yangu mwenyewe yakiuyeyusha, ukipungua uzito, ukitafuta njia. Alipofika kwenye kumshukuru mwalimu, uji ulijiteremkia wenyewe. Nilihisi ukipita, wa uvuguvugu, kama mdudu.

Nyumbani nililia. Baba akaniambia kwamba aliyelazimishwa hana kosa, na kwamba mimi ni mtoto, sina deni. Alisema kweli, lakini mimi sikutaka msamaha, nilitaka siku yangu. Kesho yake alinishika mkono hadi shuleni, nami nikadhani anakwenda kugomba. Alivua kofia mlangoni. “Mwalimu, tunashukuru sana kwa heshima mliyotupa,” akasema, akimpa vitumbua vilivyofungwa kwenye gazeti. Tulikuwa wachache, na mchache hujifunza kushukuru kabla ya kuangalia amepewa nini.

Siku hizi naishi Iringa, na binti yangu yuko darasa la kwanza. Madirisha ya shule yao ni ya vioo, walimu ni vijana, na kila tendo la watoto hurekodiwa kwa simu likatumwa kwenye kundi la wazazi lenye emoji za mioyo na mikono ya dua. Ramadhani hii mwalimu wake alinitumia sauti: “Mama Rahma, leo tuna igizo la futari saa nne, naomba Rahma avae kipwani.” Kidole changu kilikuwa kimeshaandika asante sana mwalimu, chenyewe, kwa adabu ile ile ya baba, kabla sijakitazama kwa kinyaa. Nikafuta. Nikaandika kwamba Rahma hataigiza. Jibu halikukawia, sauti changamfu, isiyo na hila yoyote: “Wala usijali mama! Tutamtumia Salma wa darasa la pili. Yule anafunga kweli kweli, na ni mpole, ukimwambia simama hapa, anasimama.”

Nilijitanda mtandio, nikateremka kwenda shuleni kabla hawajamvalisha Salma.