Asekenye wa Kiwanda cha Pamba

Haya ninayokueleza si ya kutishia watoto walale. Yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili timamu, kumekucha, na picha ipo. Ukitaka kubisha, bisha, lakini nisikilize kwanza.

Mimi ni mpiga picha hapa Malaba. Kinachonilisha ni harusi na picha za pasipoti, ila raha yangu ni majengo yaliyoachwa: stoo za reli zisizo na paa, nyumba zilizoota miti sebuleni. Mke wangu huniuliza kama nilimwoa yeye au magofu.

Wiki ya tukio hili hakuwa na nafasi ya kuniuliza. Binti yetu alikuwa na siku tisa, na alikuwa amekataa ziwa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Hospitali walimpima mara mbili wasione kasoro, wakatuonyesha namna ya kumdondoshea maziwa kwa kijiko. Mengi aliyatema. Sasa, kwetu Waiteso, mtoto hupewa jina kwa kidole. Bibi yake huchovya kidole kwenye pombe ya wimbi, akakiweka midomoni mwa mtoto huku akitaja jina la marehemu wa ukoo. Akinyonya, amelipokea. Mama yangu alikuwa ametaja majina kumi na moja, na mtoto aligeuza uso kwa yote. Alikuwa anakonda tukimwona. Niliogopa hata kumpakata.

Basi siku ya kumi, alfajiri, nikatoroka. Ndiyo, nilitoroka, na sijivunii. Nilichukua kamera nikapanda pikipiki hadi kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, nje ya mji. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni ukafunika kila kitu; malori ya foleni ya mpakani niliyasikia tu yakinguruma. Nikaanza kupiga picha za mlango mkubwa wa mabati.

"Wewe unapiga nyumba tu? Watu huwaoni?"

Nikageuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, mikono kiunoni, nyuzi za pamba mabegani.

"Nawaona, mama. Ni vile watu wa huku wanakimbia kamera."

"Mimi sijawahi pigwa hata moja. Piga."

Akanipita, akasimama mlangoni, akainua kidevu. Nikapiga. Nina desturi ya kuandika jina la kila ninayempiga, kwa hiyo nikamuuliza lake.

"Asekenye," akasema. "Watu wa kwenu hawajaniita siku mingi."

Nikainama kuandika kwenye simu, ndipo nikaona nyasi. Umande ulikuwa mzito, na kila nilipokanyaga mimi palikuwa pamelala. Alipopita yeye hapakuwa pameguswa. Kuinua macho, nikaona mlango mtupu, umefungwa kwa kufuli lililoliwa na kutu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Niamini, pikipiki ile haijawahi kuwashwa haraka vile.

Watu husema mzimu hautoki kwenye picha. Huyu alitoka, tena vizuri kuliko maharusi wangu wengi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amempakata mtoto. Nikamwonyesha kamera. "Mama, huyu ni nani? Amesema anaitwa Asekenye."

Mama akaisogeza kamera karibu na macho. "Huyo ni shangazi ya baba yako. Mimi nilikuwa kwa matanga yake. Umemtoa wapi?"

Akanieleza yote. Asekenye alikataa mume aliyechaguliwa na wazee, akaenda kufanya kazi kwenye pamba pamoja na wanaume, akafa bila mtoto. Wazee wakaamua jina lake lisitajwe juu ya mtoto yeyote. Ndiyo maana halikuwa kati ya yale kumi na moja.

"Sasa wazee watasema nini?" mama akauliza.

"Wazee hawakeshi na huyu mtoto, mama. Taja."

Akachovya kidole. "Asekenye," akasema. Mtoto akanyamaza. Akakikamata kile kidole akanyonya, akanyonya, na mke wangu alipomvuta kifuani akalipokea ziwa. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Mimi nililia mbele ya watu wote, na furaha ile sijapata nyingine ya kuifikia.

Leo Asekenye wangu ana miaka mitatu, ana mashavu, na hashauriki. Ile picha nimeitundika sebuleni. Mwaka jana mzee mkubwa wa ukoo, mmoja wa waliokataza lile jina, alikuja. Aliitazama, akavua kofia, akaniomba nakala.

Nawe unayenisikiliza, kama kwenu kuna jina linalorukwa, uliza leo ni la nani na alikosa nini. Mimi, wetu alinifuata mwenyewe, nikabahatika. Mtoto wako huenda asiwe na siku kumi za kungoja.