Mbuzi Alinidanganya Chovae

Asubuhi ile niliondoka Kismayu bila mpango, nikashukia kisiwa cha Chovae kwa sababu mashua ilikuwa ikienda huko. Nikaambiwa nimtafute Bwana Athumani, hulaza wageni.

Ufukweni nikakuta kidau kipya juu ya magogo, na pembeni mbuzi anachunwa. Nikapiga hesabu zangu za mtu aliyeacha shule mapema: chombo kipya kikishushwa majini, mbuzi huchinjwa. Mbuzi kachinjwa, basi kidau kinashushwa! Nikaona nisaidie, nipendwe kabla ya kuomba kitanda. Nikakisukuma peke yangu.

Kumbe maungio ya mbao hayajatiwa pamba ya kuzibia maji. Kikajaa maji papo hapo.

“Nani kakutuma, wewe?” akafoka mama mmoja.

“Si mbuzi kachinjwa?”

“Wa akika ya mjukuu wangu mchanga huyo! Mvua ikinyesha, ua wangu hulowa. Nikimwaga maji ya samaki uani, utasema mvua imenyesha?”

Jamani, akili gani hii yangu! Mzee mmoja alikuwa tayari ndani ya kidau, anachota maji.

“Samahani, mama,” nikanong'ona, “Bwana Athumani anakaa wapi? Natafuta pa kulala.”

Akanionyesha kwa kidole yule mzee wa kidauni.

“Kitanda kipo,” mzee akasema, akinirushia kopo. “Ukimaliza kuchota.”